Mji, Pindo na Jina: Kupanga Rangi na Fremu za Kihariri Matini kwenye Terminali Kuukuu

Neno "terminali" lina maana zaidi ya moja masikioni mwa mkazi wa Changamwe. Yamkini atafikiria bandari ya makasha ya Kipevu, ambayo awamu yake ya kwanza ilianza kazi mwaka 2016, au jengo la abiria katika uwanja wa ndege wa Moi, au stesheni ya reli ya kisasa iliyofunguliwa Miritini mwaka 2017. Maana inayoshughulikiwa katika makala haya ni nyingine, ingawa ina nasaba na hizo zote: ni mahali ambapo njia hukomea na mzigo hupakuliwa. Katika taaluma ya tarakilishi, terminali ni kiwamba na kibodi vilivyounganishwa na mashine iliyo kwingineko. Mzigo unaopakuliwa hapo ni herufi, moja baada ya nyingine.

Terminali za aina hiyo, zile zilizokuwa masanduku mazito yenye kioo kinene, zimebaki chache mno. Hata hivyo, tabia zao zimerithiwa na programu zinazoziiga, na mtu yeyote anayefungua kiwamba cheusi cha maandishi matupu katika mfumo wa Linux anatumia terminali, ajue asijue. Jambo hili lina uzito kwa mwanafunzi wa Kiswahili kwa sababu iliyo wazi. Tarakilishi nyingi zilizofika katika shule za Kenya zilikuwa zimekwisha kutumiwa na wengine. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilijulikana hasa kwa kazi ya kuzikarabati mashine za namna hiyo na kuzisambaza shuleni. Mashine iliyochoka haiwezi kubeba programu za kisasa zenye madirisha na michoro mingi, lakini huendesha kihariri matini kwenye terminali bila kutweta. Mwanafunzi wa Kisauni au Likoni mwenye mashine kama hiyo anaweza kuandika tasnifu nzima, kukusanya misemo ya mtaani kwake, au kuandaa faharasa yenye vidahizo elfu kadhaa. Mara nyingi kinachomfanya aiache kazi hiyo si udhaifu wa mashine. Ni kiwamba kisichosomeka: maandishi ya buluu iliyokolea juu ya weusi, mistari inayomemeteka bila sababu, na herufi "q" zilizopangana mahali palipostahili kuwa na mpaka.

Kasoro hizi tatu zina chanzo kinachoweza kuelezwa, na zote hurekebishika.

Terminali na rangi zake

Terminali iliyoacha athari kubwa kuliko zote ni VT100 ya kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, iliyotolewa mwaka 1978. Kiwamba chake kilikuwa na mistari 24, na kila mstari ulichukua herufi 80. Yaani nafasi 1,920 kwa jumla. VT100 haikuwa na rangi. Kilichokuwapo kilikuwa ni kukoleza herufi, kuipigia mstari, kuifanya imemeteke, na kugeuza, yaani kubadilishana nuru ya herufi na ile ya eneo linaloizunguka.

Amri za kufanya mambo hayo zilipitia waya uleule uliopitisha matini. Ili terminali itofautishe amri na maneno ya kawaida, amri ilitanguliwa na alama isiyoonekana iitwayo Escape, ambayo namba yake ni 27. Baada ya alama hiyo hufuata mabano ya mraba, namba na herufi ya kufungia. Rangi zilipoingia, zilifuata utaratibu huohuo ulioratibiwa katika kiwango cha ECMA-48: namba 30 hadi 37 ni za rangi ya herufi, na 40 hadi 47 ni za rangi ya eneo lililo nyuma yake. Rangi nane, basi.

Mpangilio wa rangi hizo haukuwa wa kubahatisha. Nyekundu ilipewa thamani ya 1, kijani 2 na buluu 4; nyinginezo hupatikana kwa kujumlisha. Nyekundu na kijani, yaani 1 na 2, huzaa 3, ambayo ni manjano. Kijani na buluu huzaa 6, samawati. Zote zikijumuishwa hutoa 7, nyeupe, na zote zikizimwa hubaki 0, nyeusi. Msomaji asitatizwe na hesabu hii kwa kuwa inahusu nuru, wala si wino. Anayechanganya rangi za kupaka hapati manjano kutokana na nyekundu na kijani.

Manjano yenyewe ina kisa chake. Katika tarakilishi za IBM zilizotoka mwaka 1981 na zile zilizofuata nyayo zake, namba ya manjano isiyokolezwa ilionyeshwa makusudi kuwa kahawia. Anayeagiza manjano akaletewa kahawia hajakosea. Anapaswa tu kuikoleza. Ndiyo maana katika viwamba vingi vya zamani kukoleza herufi kulimaanisha kuing'arisha, na rangi nane za herufi zikawa kumi na sita kwa njia hiyo ya mlango wa nyuma. Programu ya xterm iliongezewa uwezo wa rangi 256 mwaka 1999, na baadaye zikaja terminali zenye rangi milioni kadhaa.

Kujitambulisha

Ugumu wa jambo lote uko hapa. Kihariri matini hakina macho. Hakiwezi kukitazama kiwamba kikajua kina rangi ngapi. Hutegemea jina ambalo terminali imetambulishwa kwalo, kisha hulitafuta jina hilo katika hazina ya maelezo iitwayo terminfo, ambamo kila aina ya terminali imeandikiwa inachoweza na isichokiweza. Jina hilo huhifadhiwa katika kigezo TERM. Mtu anayetaka kujua mashine yake imetambulishwaje na imekadiriwa rangi ngapi huandika amri hizi mbili:

echo $TERM
tput colors

Jibu la amri ya pili likiwa 8, kihariri kitatumia rangi nane. Likiwa 256, kitatumia 256. Likiwa -1, kimeambiwa kwamba hakuna rangi kabisa. Kwa hiyo terminali yenye rangi iliyotambulishwa kwa jina la "vt100" itaonyesha matini yasiyo na rangi, na si kosa la kihariri.

Kosa la upande wa pili huleta usumbufu zaidi. Wapo wanaosikia kwamba jina "xterm-256color" huleta rangi nyingi, wakalibandika katika faili lao la mipangilio bila kuuliza kama terminali yao inaliweza. Amri ya rangi 256 huandikwa kwa namba tatu zinazofuatana: 38, kisha 5, kisha namba ya rangi. Baadhi ya terminali kuukuu hazizielewi namba hizo kwa pamoja, huzisoma moja moja. Na 5, ikiwa peke yake, ni amri ya kumemeteka. Hivyo ndivyo ukurasa mzima unavyoanza kumemeteka kama taa ya matatu, na mwenye mashine akadhani kioo kimeharibika.

Tatizo jingine huzuka pale mtu anapoingia katika mashine ya mbali, tuseme tarakilishi kuu ya chuo, kutoka kwenye mashine yake nyumbani. Jina la terminali husafirishwa pamoja naye hadi huko. Ikiwa mashine ya mbali haina maelezo ya jina hilo, itakataa na kusema haiijui aina hiyo ya terminali. Dawa ya haraka ni kujitambulisha kwa jina la kale linalojulikana karibu kila mahali, kwa mfano:

export TERM=xterm

Rangi zitapungua, lakini kazi itaendelea. Jina la chini ambalo ni la kweli hufaa kuliko la juu lisilo la kweli.

Istilahi: kanga inavyoweza kusaidia

Kabla ya kuingia katika mipangilio yenyewe, suala la istilahi haliepukiki. Kiswahili kimekwisha kupiga hatua katika uwanja huu. Itakumbukwa kwamba mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Neno "kiwamba", ambalo wengine hulitamka "kiwambo", limechukuliwa kutoka kitenzi "wamba", yaani kutandaza na kukaza kitu kama ngozi juu ya ngoma au kamba juu ya kitanda, na limekubalika bila shida. Lakini eneo lililo nyuma ya herufi huitwaje? Zipo kamusi zinazopendekeza "mandharinyuma" na, kwa kilicho mbele, "mandharimbele". Haya ni maneno mazito yanayofaa picha ya mlima na ziwa. Hayafai herufi moja.

Mombasa ina kitambaa ambacho tangu zamani kimeunganisha rangi, mpaka na maandishi. Kanga ina sehemu tatu zinazojulikana na kila anayeivaa: pindo, ambalo ni mpaka wa pande zote nne, mji, ambao ni eneo la katikati, na jina, ambalo ni maneno yaliyochapwa juu ya mji. Mchoraji wa kanga hukabili swali lilelile linalomkabili mwenye terminali: jina liwe na rangi gani ili lisomeke juu ya mji huu? Kwa hiyo, katika makala haya "mji" utatumika kwa rangi ya nyuma, "jina" kwa maandishi na "pindo" kwa mstari wa mpaka. Faida ya maneno haya haiishii kwenye ufupi. Yataonekana hapa chini kuwa yanatenganisha mambo mawili ambayo neno "fremu" huyachanganya.

Kupanga mji na jina

Mfano utakaotumika ni Emacs, kihariri kilichotolewa katika umbo lake la GNU mwaka 1985, na ambacho tangu toleo la 21 la mwaka 2001 huonyesha rangi hata kwenye terminali ya maandishi. Hufunguliwa humo kwa amri "emacs -nw".

Jambo la kwanza ambalo Emacs hutaka kujua ni iwapo mji ni mweusi au mweupe, kwa sababu huwa na seti mbili za rangi za majina, moja kwa kila hali. Kwenye terminali nyingi kuukuu haina njia ya kulihakikisha hilo, hivyo hukisia. Ikikisia kwamba mji ni mweupe ilhali ni mweusi, itachagua rangi zilizokolea, nazo zitazama gizani. Kuiambia ukweli huhitaji mstari mmoja katika faili la mipangilio:

(setq frame-background-mode 'dark)

Kwa mji mweupe, neno la mwisho huwa "light". Watumiaji wa kihariri cha Vim huandika "set background=dark" kwa kusudi hilohilo. Wengi huiona amri hiyo wakadhani inabadilisha rangi ya mji. Haibadilishi kitu, inatoa taarifa tu.

Kasoro ikiendelea baada ya hapo, mshukiwa wa kwanza ni buluu. Mwanga wa kiwamba unaoonekana na jicho kuwa mweupe hautokani kwa usawa na rangi zake tatu. Kwa vipimo vinavyotumiwa katika viwamba vya kawaida, kijani huchangia takriban asilimia 72 ya mng'ao, nyekundu asilimia 21, na buluu asilimia 7 tu. Buluu safi juu ya weusi, basi, ni karibu giza juu ya giza, na kuongeza mwangaza wa kioo hakusaidii sana. Mwanafunzi anayeandaa faharasa na kuweka maelezo ya ngeli katika mistari ya maoni anaweza kukuta maelezo hayo yote yametoweka machoni, kumbe yamo. Hatari halisi iko hapo: hufuta asichokiona, au huandika mara ya pili alichokwisha kuandika. Amri ifuatayo huihamisha rangi ya maoni kutoka ilipo hadi samawati, ambayo ina kijani ndani yake:

(set-face-foreground 'font-lock-comment-face "cyan")

Anayetaka kuona rangi zote ambazo terminali yake inazo hubonyeza Alt na "x" kwa pamoja kisha huandika "list-colors-display". Anayetaka kujua sehemu fulani ya matini imevikwa rangi ya aina gani huweka kasa juu yake na kubonyeza C-u C-x =, ambapo "C" ni kitufe cha Ctrl. Majina ya rangi katika faili hubaki ya Kiingereza.

Suala la mji mweusi au mweupe hujibiwa na mahali pa kazi kuliko mtindo. Mji mweusi unapendeza usiku, chumbani. Lakini kwenye baraza la Likoni saa sita mchana, jua la Pwani likigonga kioo, mji mweusi hugeuka kioo cha kujitazamia uso. Mji mweupe wenye jina jeusi husomeka zaidi katika mwanga huo, na uamuzi huu haugharimu zaidi ya kubadilisha neno moja katika faili, pamoja na rangi ya terminali yenyewe.

Aidha, wapo watu, hasa wanaume, wasioweza kutofautisha vizuri nyekundu na kijani. Mpangilio unaotegemea rangi hizo mbili pekee kuonyesha sahihi na kosa huwaacha nje. VT100 isiyo na rangi ilikuwa na jibu lao tayari: kupigia mstari, kukoleza na kugeuza. Alama hizo zingali zinafanya kazi, nazo huonekana hata mahali ambapo rangi zimeshindikana kabisa.

Fremu na pindo

Katika Kiingereza cha Emacs, "fremu" si mpaka. Ni eneo zima ambamo kihariri huonekana, na "dirisha" ni mgao wa eneo hilo. Mtu anayeisikia fremu akafikiria ubao unaozunguka picha hupotea tangu mwanzo. Kwa lugha ya kanga, fremu ya Emacs ni kanga nzima, na kile ambacho fundi wa picha hukiita fremu ni pindo tu.

Kwenye terminali ya maandishi, kila fremu hujaza kiwamba chote, na ni moja tu inayoonekana kwa wakati mmoja. Nyingine ziko chini yake kama kanga zilizokunjwa kabatini. C-x 5 2 hufungua fremu mpya, C-x 5 o huhamia nyingine, na C-x 5 0 hufunga ile inayotumika. Kwa kuwa hazionekani pamoja, Emacs huandika jina la fremu, F1 au F2 na kuendelea, mwanzoni mwa mstari wa hali ulio karibu na chini.

Uchache wa mistari ndio unaofanya fremu zifae kuliko madirisha. Kati ya mistari 24, mmoja huchukuliwa na menyu, mmoja na mstari wa hali, na mmoja na nafasi ya ujumbe chini kabisa. Hubaki 21. Kiwamba kikigawanywa juu na chini kwa C-x 2, mstari wa hali wa pili huongezeka, na kila dirisha hupata mistari 10, ambayo haitoshi hata ubeti mmoja wa shairi pamoja na maelezo yake. Menyu huondolewa kwa mstari huu, na nafasi moja hurudi:

(menu-bar-mode -1)

Mgawanyo wa kushoto na kulia, C-x 3, huleta pindo la wima linalochorwa kwa alama ya kijiti, "|". Kwenye herufi 80, kila upande hubaki na zisizofika 40. Kwa matini ya nathari ni finyu, lakini kwa mashairi yenye vipande viwili, au kwa faharasa na tafsiri yake, hutosha.

Zile herufi "q" zilizotajwa mwanzoni hazitokani na Emacs bali na programu zinazochora visanduku, kama vile Midnight Commander na kihariri chake. VT100 ilikuwa na seti ya pili ya alama ambamo herufi za kawaida ziligeuka vipande vya mistari: "q" ilikuwa mstari wa ulalo, "x" wa wima, na "l", "k", "m" na "j" zilikuwa pembe nne. Programu huagiza terminali ihamie seti hiyo, ichore, kisha irudi. Terminali isipotii agizo, pindo la juu husomeka "lqqqqk" na kando hujaa "x". Hili hutokea sana pale ambapo terminali imewekwa katika usimbaji wa UTF-8, na kuna kigezo kinachoiambia programu itumie alama za mistari za UTF-8 badala ya seti ya kale:

export NCURSES_NO_UTF8_ACS=1

Limebaki moja, nalo linamhusu zaidi anayefanya kazi kwenye mashine ya mbali kupitia mtandao unaokatika. Tangu toleo la 23 la mwaka 2009, Emacs inaweza kuanzishwa huko kama mtumishi kwa "emacs --daemon", na mwenye kazi akaingia kwa "emacsclient -t". Mtandao ukikatika, fremu yake hufa lakini matini aliyokuwa akiandika hubaki hai ndani ya mtumishi, hata kama hakuyahifadhi. Akiunganishwa tena, hufungua fremu nyingine na kuendelea. Anaweza pia kuwa na fremu moja kwenye mashine kuukuu ya rangi nane na nyingine kwenye tarakilishi ya maktaba yenye rangi 256, zote zikionyesha faili moja. Kwa hali kama hiyo, rangi zisiandikwe kana kwamba kila kiwamba ni sawa: "display-color-cells" hurejesha idadi ya rangi za fremu husika, na mpangilio unaweza kuiuliza kwanza, ukachagua samawati pale inapojibu 8 na rangi laini zaidi pale inapojibu 256.